Majike Wangapi? Hotuba kwa Wafugaji wa Nguruwe, Vwawa

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi mbele ya wafugaji wa nguruwe pale Vwawa, Mbozi. Wengi mlikwamishwa na mvua mkaomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyo, pamoja na maswali niliyowauliza waliokuwepo. Nawe jiulize huko uliko.

Ndugu mwenyekiti, kina mama na kina baba, vijana, mabwana mifugo wenzangu. Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Anyoshe mkono mwenye nguruwe. Naona mikono yote, hata ya kijana wa spika. Vizuri. Sasa abaki amenyosha anayejua, bila kukimbilia bandani, ana majike wazazi wangapi na kila mmoja atazaa tarehe ngapi. Haya, mikono imebaki minne. Na mama huyu wa mbele ameinua na daftari kabisa. Mama, usilirudishe kwenye mkoba, nitaliomba baadaye.

Leo nataka tuzungumze juu ya majike. Majike wa hapa, na majike wa China, wa Marekani, wa Ulaya. Najua mtu atasema, bwana mifugo, sisi tumekuja kusikia dawa ya minyoo, wewe unatupeleka China. Nitawapeleka na nitawarudisha.

Kwanza, kwa nini majike? Kwa nini serikali za watu zinaajiri wataalamu wa kuhesabu majike peke yao, wakati nguruwe wote wako pale pale bandani?

Kwa sababu jike ni kalenda. Ukihesabu nguruwe wa kunenepesha, umehesabu nyama ya mwezi huu na mwezi ujao. Ukihesabu majike, umehesabu nyama ya mwakani. Mimba ya nguruwe mnaijua: miezi mitatu, wiki tatu, siku tatu. Siku 114 hivi. Baada ya hapo anayelishwa vizuri anahitaji kama miezi sita kufika uzito wa kuchinjwa. Jumlisha. Jike aliyepandwa leo ni nyama ya karibu miezi kumi mbele, na hiyo ni kwa mwenye chakula kamili. Kwetu sisi wa pumba na majani ya viazi, ongeza miezi mingine.

Ngoja niwape kisa changu, maana kucheka ya mwenzako ni rahisi. Kuna mwaka bei ilipanda hapa mpaka mchuuzi anagonga mlango kabla sijapiga mswaki. Nilikuwa na majike wawili. Nikajiambia, mzee, fursa hii haiji mara mbili. Nikabakiza mitamba mitatu, majike vijana ambao hawajazaa, ambayo ilikuwa iende sokoni. Majike watano! Nikawa natembea kijijini kama mwenye basi. Sikujua kwamba jirani yangu naye amebakiza mitamba. Na wa ng'ambo ya mto. Na shemeji yangu kule Tunduma. Wote tuliangalia bei ile ile, asubuhi ile ile, tukapata wazo lile lile. Uliza watoto wetu walifika sokoni lini. Wiki zile zile! Mchuuzi akaacha kugonga mlango. Nikaanza kugonga wa kwake mimi.

Na wenye vyuo vikuu yaliwakuta. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kulikuwa na Mjerumani, Arthur Hanau, aliyekaa na takwimu za bei za nguruwe akaona zinapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Bei ikiwa juu wakulima wanaongeza majike, nyama inafurika, bei inaanguka, wanachinja majike, nyama inaadimika, bei inapanda tena. Wajerumani wakaipa jina, mzunguko wa nguruwe, na wachumi wanalitumia jina hilo mpaka leo hata wakizungumzia vitu visivyo na mkia. Kwa hiyo siku ile nilipoambulia bei ya kutupa, nilikuwa ndani ya nadharia bila kujua.

Ndiyo maana Wamarekani kila baada ya miezi mitatu wizara yao ya kilimo inatoa ripoti: nguruwe wangapi, na kati yao wa kuzalisha ni wangapi. Watu wa masoko wanaisubiri kama sisi tunavyosubiri matokeo ya darasa la saba. Wanaangalia mstari wa majike kwanza.

Nakuja kwenye jambo la pili, na hapa ndipo nataka tukae sana, kwa sababu ndipo watu wengi, wakiwemo wasomi, wanapopotea. Wanachukua idadi ya majike wa bara hili, wanaiweka kando ya idadi ya bara lile, wanasema huyu anapanda, huyu anaanguka. Je, jike ni jike tu?

Tuangalie Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na nguruwe wa kuzalisha zaidi ya milioni 9. Leo wana kama milioni 6. Ukiishia hapo utasema ufugaji wa nguruwe Marekani unakufa. Theluthi nzima ya akina mama imeondoka! Lakini angalia nyama. Mwaka 1980 walizalisha tani milioni 7.5 hivi. Mwaka 2023, tani milioni 12.4. Majike wamepungua, nyama imeongezeka. Imewezekanaje?

Imewezekana kwa uzao na kwa uzito. Mwaka 1980 kila uzao ulikuwa na wastani wa watoto 7 na kidogo. Mwishoni mwa 2023 wastani ulipita watoto 11 na nusu. Na nguruwe mwenyewe anachinjwa akiwa mkubwa zaidi. Gawanya nyama kwa majike: zamani kila jike alikuwa nyuma ya kilo 800 hivi za nyama kwa mwaka, leo yuko nyuma ya kilo 2,000. Jike wa leo kule anafanya kazi ya majike wawili na nusu wa enzi za baba yake mfugaji.

Na huyo baba mfugaji yuko wapi? Mwaka 1980 mashamba yenye nguruwe Marekani yalizidi 600,000. Sensa yao ya kilimo ya 2022 ilikuta kama 60,000. Katika kila mashamba kumi, tisa yamefunga. Idadi ya majike haikwambii hilo. Mtu anaweza kuonyesha mstari wa milioni 6 ulionyooka miaka mingi, ukasema huku kumetulia, kumbe chini ya mstari ule watu wameuza mabanda wakaenda kufanya kazi kiwandani.

Twende Denmark. Nchi ndogo, baridi, majike wake ni zaidi kidogo ya milioni moja. Jike wa Denmark kwa mwaka anaachisha ziwa watoto zaidi ya 33. Nasikia minong'ono. Ndiyo, 33. Wewe hapo wako anaachisha wangapi? Kumi na mbili? Kumi na nne ukiwa na bahati, na asipowalalia?

Lakini msishangilie haraka. Jike ana chuchu 14 hivi, na kule anazaa kwa wastani watoto hai zaidi ya 17. Fanyeni hesabu hiyo. Kuna watoto watatu wasio na titi. Inabidi atafutwe jike mwingine aliyekwisha kulea wa kwake, apewe hao wa ziada, mama wa kambo. Na watoto wanazaliwa wadogo, wengine wanakufa siku za kwanza. Wadenmark wenyewe wanabishana sana juu ya jambo hili. Mimi kwa maoni yangu sitaki jike wa watoto 17. Nataka jike wa watoto 11 anayesimama nao wote 11. Usiku ule unakaa na tochi na gunia kavu, unafuta pua moja moja, unamsogeza mdogo kwenye chuchu za mbele kwa sababu ndizo zenye maziwa mengi: mkono wako unatosha watoto 11. Kwa watoto 17 unahitaji kiwanda.

Sasa, kisa cha Denmark na Poland. Poland ilikuwa nchi ya nguruwe wa wakulima wadogo, watu kama sisi, jike mmoja wawili nyuma ya nyumba. Majike wake wamepungua vibaya tangu katikati ya miaka ya 2000. Lakini Mpolandi hajaacha kula soseji! Denmark kila mwaka inauza nje watoto wa nguruwe zaidi ya milioni 10 wakiwa hai, na wengi wanapakiwa kwenye malori kwenda kunenepeshwa Poland. Mama yuko Denmark, mtoto yuko Poland, nyama inahesabiwa Poland. Basi ukilinganisha majike wa Poland na nyama ya Poland, umelinganisha nini? Umelinganisha mlango wa nyumba moja na dirisha la nyingine.

Uingereza nao, kwa haraka. Mwaka 1999 walipiga marufuku kumfungia jike mjamzito kwenye kizimba asichoweza kugeuka. Jambo jema, nasema wazi. Lakini pauni ilikuwa na nguvu, gharama zikapanda, mwaka uliofuata likaja gonjwa la homa ya nguruwe ile ya kawaida, kisha 2001 ugonjwa wa miguu na midomo. Ndani ya miaka kumi hivi majike wao walipungua karibu nusu, na maduka yakajaa nyama ya nchi ambazo bado zilikuwa na vizimba vile vile. Umoja wa Ulaya ulifuata na katazo lake mwaka 2013. Ujerumani, iliyokuwa na majike zaidi ya milioni 2 mwaka 2010, imebaki na kama milioni 1.4. Hispania imepanda, leo ina zaidi ya milioni 2 na nusu na ndiyo ya kwanza Ulaya. Ukiangalia Ulaya kwa jumla unaona kushuka kwa taratibu. Ukikaribia unaona watu wamehama, wengine wamefunga, wengine wamejenga upya.

Kwa hiyo mtu akikuletea idadi ya majike wa nchi mbili, muulize: wanaachisha wangapi? Watoto wao wanakwenda wapi? Na nani aliyeitwa jike? Maana Wamarekani kwenye hesabu yao ya nguruwe wa kuzalisha wanaweka na madume ndani. Mwingine anahesabu mtamba ambaye hajapandwa, mwingine hamhesabu.

Sasa tunakwenda China. Na kabla ya kwenda China tunapita Kenya. Mtaona kwa nini.

Mwaka 1921 daktari wa mifugo, R. Eustace Montgomery, alichapisha maelezo ya ugonjwa alioukuta Kenya kwenye mashamba ya walowezi. Nguruwe wao wa kutoka Ulaya walikuwa wanakufa karibu wote, ghafla, na homa kali. Lakini ngiri wa porini, yule mwenye mkia wa antena, alikuwa na ugonjwa ule ule ndani ya damu na anakimbia zake na watoto wake. Baadaye ikajulikana kuwa kupe wanaoishi kwenye mashimo ya ngiri ndio wanaoutunza. Mnaujua ugonjwa huu. Masikio yanakuwa mekundu kisha ya zambarau, wanarundikana kona moja kama wenye baridi, wanakataa hata uji. Siku chache, banda kimya. Homa ya nguruwe ya Afrika. Duniani kote inaitwa hivyo, kwa jina letu.

Mwaka 2007 homa hiyo ilijitokeza Georgia, kwenye bandari ya Poti, na inaaminika ilishuka na makombo ya chakula cha melini. Wataalamu walipokipima kirusi kile walikuta kinafanana na vya Msumbiji, Madagaska na Zambia. Majirani zetu hawa! Ikapanda Urusi, ikafika Poland 2014. Na Agosti 2018 ikatangazwa Shenyang, kaskazini mashariki mwa China.

Ndugu zangu, China ndiyo nyumba ya nusu ya nguruwe wote duniani. Nusu. Fikiria moto umeingia kwenye ghala lenye nusu ya mahindi ya dunia.

Septemba 2019 wizara yao ya kilimo ilisema majike wamepungua kwa karibu asilimia 39 kulinganisha na mwaka mmoja nyuma. Si wote waliokufa kwa homa. Wafugaji waliogopa. Mtu akisikia jirani kapigwa, anaita mchuuzi usiku, anauza wote, mpaka mzazi. Nani hapa hajawahi kuona jambo hilo? Nani hapa hajalifanya? Sisemi jina la mtu, nanyi msiniangalie hivyo. Lakini nguruwe anayeuzwa kwa hofu ndiye anayebeba homa mpaka kijiji cha tatu, na kule China ilikuwa vile vile.

Mwaka 2018 China ilizalisha tani milioni 54 za nyama ya nguruwe. Mwaka 2020, tani milioni 41. Pengo la tani milioni 13 ni kubwa kuliko nyama yote ya Marekani kwa mwaka mzima. Serikali ikafungua maghala yake ya nyama iliyogandishwa. Hispania, Brazili, Marekani, wote wakauza mpaka wakachoka. Ndiyo sababu nyingine ya majike wa Hispania kupanda.

Halafu majike wa China wakarudi. Kwa hesabu ya ofisi yao ya takwimu, mwisho wa 2019 walikuwa milioni 30.8. Mwisho wa 2020, milioni 41.6. Katikati ya 2021, milioni 45.6. Mwaka mmoja na nusu, majike milioni 15 zaidi. Je, akina mama milioni 15 wanatoka wapi kwa haraka hivyo?

Wanatoka pale nilipotoa wangu. Walibakiza mitamba ya nyama! Nguruwe aliyezalishwa ili achinjwe, mchanganyiko wa damu tatu ambaye watoto wake wanatoka wachache na hawalingani, wakamgeuza mzazi kwa sababu hakukuwa na mwingine. Kwenye karatasi alihesabiwa jike kama jike mwingine. Bandani hakuwa sawa. Basi idadi ilirudi kabla ya nyama kurudi. Na nyama ilipofurika kweli, 2021, bei ikaporomoka, na wale mitamba wa haraka wakawa wa kwanza kwenda machinjioni. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia, kumbe Wachina nao wana shemeji Tunduma.

Lakini waliorudi si wale wale walioondoka. Wengi wa wakulima wa majike wawili watatu hawakurudi. Kule Ezhou kuna jengo la ghorofa 26 la nguruwe, lifti na yote. Kampuni moja tu, Muyuan, ina majike zaidi ya milioni 3, nusu ya wa Marekani nzima. Na serikali sasa inaweka lengo la majike: ilisema milioni 41, mwaka 2024 ikashusha kuwa 39. Hawataki pungufu, hawataki ziada. Wanajaribu kuufunga kamba ule mzunguko wa Hanau. Mpaka sasa unawakatia kamba.

Pigeni hesabu ya mwisho nami. Mwisho wa 2023 China ilikuwa na majike milioni 41 na kitu, karibu mara saba ya Marekani. Nyama yao mwaka huo ilikuwa tani milioni 58, haifiki mara tano. Jike mmoja China kilo 1,400, jike mmoja Marekani kilo 2,000, Ulaya karibu na hapo hapo.

Nilisema nitawarudisha. Majike wa China wanakuhusu nini wewe wa Mbozi? Wanakula soya. China hununua zaidi ya nusu ya soya yote inayouzwa kati ya nchi na nchi, na mwaka 2020 ilifungua mlango kwa soya ya Tanzania. Soya unayoilima wewe au jirani yako wa Ruvuma, unayotaka mashudu yake kwa bei nafuu, ina mnunuzi mwingine mwenye majike milioni 40. Bei ya chakula chako ikibadilika, usimlaumu mwenye mashine peke yake.

Na sisi? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina safu za Afrika kwenye takwimu zake. Wanahesabu nguruwe wote kwa pamoja, wakubwa na wadogo. Uganda ilihesabu 2008 ikapata nguruwe milioni 3.2, na Uganda ndiyo inayokula nguruwe kwa wingi kuliko sote ukanda huu. Lakini majike? Nikitaka kujua Mbozi mwakani Februari kutakuwa na nyama nyingi au chache, nimuulize nani? Nisubiri mchuuzi agonge au asigonge?

Mama, sasa naomba daftari lako. Asante. Oneni: jina la jike, siku ya joto, yaani alipotaka dume, dume la nani, siku ya kuzaa, waliozaliwa, walioachishwa. Mistari imechorwa kwa rula. Kuna doa la uji hapa, na hapa ameandika "alilalia 2, mvua". Hii ni takwimu bora kuliko nyingi nilizowasomea leo, kwa sababu aliyehesabu alikuwepo.

Mwenyekiti amekubali. Nimekuja na daftari la kurasa 96, litazunguka kabla ya chakula. Jina si lazima, andika kitongoji. Majike wazazi, mitamba uliyobakiza, tarehe za kupandwa. Ukurasa wa kwanza nimeanza mimi: majike 4, mtamba 1. Mmoja amepandwa tarehe 9 Machi, namtegemea Julai mosi. Walioachishwa uzao uliopita: 9, 10, 7, na wa nne nimeandika 4, alipata homa ya maziwa nami nikachelewa. Andikeni na hizo za aibu. Kalamu hiyo, ianzie kwa mama.